Kilori Kisichoitikia Salamu

Tarehe 9 Juni 2078, Tukuyu iliamkia ukungu na manyunyu. Lwitiko alimaliza kilori cha betri cha bintiye Atupele, akakiombea, ila hakukiwekea sikio, kidude cha kusikia na kujibu ambacho kisheria kila mashine huwa nacho ili Kata isikie maneno ya nyumbani. Alitaka mtoto apate pahali pamoja pa kunong'ona.

Jirani yao, Mama Sekela, akaingia barazani na wenzake wawili, akakiinamia.

"Hujambo, kilori?"

Kimya.

"Baba Atupele, mashine gani hii isiyoitikia salamu? Au shetani kaiziba mdomo?"

Atupele akakimbilia ndani, akarudi na sikio la birika la umeme, akalibandika.

"Sijambo," kilori kikajibu.

Wageni wakacheka. Lwitiko akamtazama bintiye; nani alimfundisha kulibandika?

"Mbele yenu naahidi," akasema, "hakitanyamaza tena."