Mshono wa Nyamizi

Nyamizi alichomelea mageti ya chuma nyuma ya soko kwa miaka ishirini na miwili, hadi banda lake lilipobomolewa kupisha barabara. Miezi mitatu baadaye, alijiunga na wageni waliokuja kutembezwa kwenye karakana ya fremu za baiskeli za titani, metali nyepesi kuliko chuma.

Mwenye karakana, Bwana Kilewo, aliwapa fremu moja waishike. Nyamizi aliinyanyua kwa kidole kimoja, akaangua kicheko.

"Kazi iko kwenye kuchomelea," alisema Kilewo. "Hewa ikiingia kidogo, mshono unakuwa njano; ikizidi, unageuka bluu, na fremu haifai tena. Nani atajaribu kwenye vipande hivi vya mabomba?"

"Mimi hapa," alisema Nyamizi.

"Huyu mama ataunguza kitenge chake," mgeni mmoja alinong'ona.

Nyamizi alimsikia. Alikaza kitenge, akavaa ngao ya uso, akashusha pumzi. Mkono wake ulikwenda taratibu, kama wa mtu anayemnywesha mtoto mchanga uji.

Alipomaliza, Kilewo aliyapeleka mabomba dirishani. Mshono uling'aa kama fedha, ila mwishoni palikuwa na doa dogo la njano.

"Hapo nimeharakisha," Nyamizi alikiri.

"Hapo hata mimi huharakisha, fundi," alisema Kilewo, akamsogezea kigoda na mabomba mengine mawili.

Wageni wakaendelea hadi chumba cha kung'arishia. Nyuma yao, mwanga mweupe ukawaka tena ukutani.