Kiongozi wa Msafara

Karatasi moja ilikuwa imechanwa kwenye kitabu cha safari, na nyumbani walikuwa watatu tu. Hata paka hawakuwa naye wa kumsingizia.

"Si mimi," alisema Mwalimu kabla hajaulizwa.

Mwalimu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Jina hilo mama yake alimpa kwa tabia yake ya kusahihisha watu wazima. Kitabu kilikuwa chake, kijitabu chembamba cha vivutio vya jiji alichopewa na ofisi ya mabasi, na tangu Jumatatu alikuwa akipigia mistari mahali pa kwenda: bustani ya wanyama, mnara wa saa, jengo lenye lifti ya vioo. Ingekuwa likizo yao ya kwanza ya kutembea, siku nne nzima, na tiketi zilishakatwa.

"Labda kilitoka kiwandani hivyo," alisema baba yake, mchora mabango, huku akiosha brashi ambazo alikuwa ameshaziosha.

Mama alikichukua kitabu akasoma orodha ya yaliyomo. "Umekosekana ukurasa wa kumi na moja, makumbusho. Kumi na mbili, nyuma yake, ramani ya katikati ya jiji." Akamtupia mumewe jicho. "Ramani, Baba Mwalimu! Katika karatasi zote hizi!"

Tangu wachumbiane, mumewe, fundi wa mabango, alikuwa akisema kwamba kabla hajamjua mkewe aliishi jiji lile miaka mitatu, na kwamba huko ndiko alikojifunzia kuchora. Mwalimu aliliamini hilo kama alivyoamini jedwali la kuzidisha. Shuleni alishatamba kwamba hawahitaji mtu wa kuwaongoza, kiongozi wa msafara ni baba. Mama naye aliamini, mpaka mipango ilipoanza na kila swali likawa linamtoa mumewe jasho.

"Kutoka stendi mpaka bustani ya wanyama ni mbali?"

"Si mbali sana. Wala si karibu."

"Mnara wa saa una rangi gani, baba?"

Fundi alifikiri. "Saa ile inapiga haraka haraka, kama ina basi la kuwahi. Na alfajiri treni inapiga honi mara mbili."

"Nimeuliza rangi."

"Watakuwa wamebadilisha."

"Miaka mitatu hujauona mnara?" aliuliza mama.

"Bosi alikuwa mkali. Mtu hatoki ovyo. Ni kazi, kula, kulala."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

Mama alicheka kwa pua. Alishajua kinachoendelea: mume wake hajawahi kulikanyaga jiji lile, alitia chumvi siku za uchumba ili aonekane mjanja, na sasa anaumbuka. Kwa upande wake yeye wala hakukasirika, maana wanaume wangapi hawakutia chumvi siku hizo? Aliyemhurumia ni mtoto.

"Mwambie mwenyewe kabla hatujapanda basi," alimnong'oneza jikoni. "Ukimpotosha njia huko, hatakuamini tena hata ukimwambia jua limechomoza."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Kwamba hujawahi kufika."

Fundi alimtazama mkewe. Kisha akatoka uani.

Siku zilizofuata hakutulia. Aliihamisha meza ya kulia, akairudisha. Alisema kwa nini wasiende ziwani badala yake. Alisema jiji lina joto. Alisema bango la duka la dawa limepauka na mwenye duka analitaka upya kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu alitoka shuleni akaenda kulikagua bango mwenyewe. Halikuwa limepauka hata kidogo. Kwenye kona ya chini alisimama kindege mweusi wa mguu mmoja, yule yule anayesimama kwenye kila kazi ya baba yake, kuanzia kwa kinyozi mpaka lango la shule. Alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza mguu wa pili uko wapi. Baba yake alimjibu kwamba siku ya kwanza alimchora kwa kipande cha mkaa, mkaa ukaisha, akampenda hivyo hivyo.

Kutoka hapo Mwalimu alipitia ofisi ya mabasi.

Jioni ile fundi naye alijikaza. Alikaa mezani akamwita binti yake, akasema ana neno kuhusu miaka ile ya jijini. Aliikalia mikono yake. Mama alimwitikia kwa kichwa kumpa moyo.

"Ngoja kwanza, baba!" Mwalimu alichomoa kitabu kipya kwenye begi. "Wamenipa kingine, kizima. Ramani hii hapa." Akakifungua ukurasa wa kumi na mbili, akamsogezea. "Haya, tuonyeshe ulipokuwa unakaa."

"Mwache baba yako aseme kwanza," alisema mama.

"Anionyeshe tu, mama. Halafu aseme."

Mwalimu alikuwa akitabasamu, kalamu mkononi, tayari kupigia mstari. Fundi aliitazama sura ile kama mtu anayeiaga. Hakuigusa ramani. Aliigeuza karatasi, akarudi ukurasa wa kumi na moja, akaweka kidole juu ya picha ya ukuta mchafu uliojaa michoro.

Mwalimu akainama akasoma maandishi ya chini kwa sauti yake ya darasani: "Makumbusho ya jiji, jengo lililokuwa gereza kuu. Michoro ya wafungwa imeachwa ukutani kama ilivyokutwa."

Baba yake akaondoa kidole. Mahali kilipokuwa, alisimama kindege mweusi wa mguu mmoja.