Msumari wa Ba Addi

Maji yalikuwa yamefika magotini, na kijiji kizima kilikuwa kimejipanga juu ya tuta kutazama msumari.

Msumari wenyewe ulikuwa mnene, wenye kutu, umepigiliwa kwenye mwimo wa lango la bustani ya mitende ya Ba Addi. Aliupigilia mwenyewe miaka sita nyuma, siku Yidir alipokuja kumposa Itto, bintiye wa pekee.

"Wallahi," mzee aliapa mbele ya imamu na watu wote, "humwoi mwanangu mpaka mto Draa uulambe msumari huu."

Watu walicheka. Mto Draa wakati huo ulikuwa njia ya mbuzi.

Tangu siku hiyo mvua ikasusa kabisa. Visima vilikauka, na vijana wakahamia Kasablanka mmoja mmoja. Yidir hakuhama. Kila alfajiri alimpakia punda mitungi, akaenda kisima cha mbali, na akirudi aliimwagilia mitende ya Ba Addi kabla ya ile ya kwao. Mzee alimwona. Moyo ulikwisha kulainika zamani, ila Ba Addi hakuwa mtu wa kulamba matapishi yake.

"Baba Itto, si utoe kafara ya kiapo yaishe?" mkewe Hennu alimwuliza kila Ijumaa. "Lisha maskini kumi tu."

"Mungu atanisamehe, mama Itto. Majirani je?"

Ndipo mvua ikanyesha milimani siku mbili mfululizo, na mto ukashuka unanguruma, umebeba magogo, masufuria na mlango wa mtu.

Adhuhuri maji yakaacha kupanda. Ilibaki shibiri moja kuufikia msumari. Yidir aliitazama ile shibiri mpaka machozi yakamlengalenga, akageuka akaenda zake. Itto alimwangalia akiondoka, akatupia jembe begani, akashika njia ya mfereji unaoingiza maji bustanini.

"Haya, sinema imekwisha," Ba Addi akawaambia watu. "Nendeni mkaanike unga wenu. Mimi nabaki kulinda lango lisije likasombwa. Mama Itto, niachie tende mbili tatu, nisife njaa."

Alasiri sauti yake ikasikika hadi msikitini.

"Njooni muone msiba! Mto umenigeuka!"

Wakaja mbio. Maji ya matope yalikuwa yanaulamba msumari. Imamu aliinama, akaugusa kwa kidole, akasema, "Yamefika." Vigelegele vikapigwa. Ba Addi alikaa kwenye jiwe, kidole gumba amekizungushia kipande cha kilemba, akilalamika kwamba uzeeni hata lango lake mwenyewe linambana, na mto aliouamini miaka yote umemsaliti. Yidir alimkumbatia, naye akajifanya anamsukuma.

Harusi ilifanyika wiki hiyohiyo, kwa kuskusi ya kuazima na furaha isiyo na kipimo.

"Ulifungua mfereji, sivyo?" Yidir alimnong'oneza bibi harusi. "Nilisikia ulikwenda na jembe."

Itto akacheka. "Niliukuta umejaa matope, hata tone halipiti. Mimi nikadhani wewe ndiye umeziba mto kwa mawe kule chini."

"Mimi? Mimi nilikuwa kitandani kwetu, nalia kama mtoto."

Wakatazamana, kisha wakamshukuru Mungu.

Maji yalipokauka, Ba Addi alimtuma mkwewe akasafishe lango. Yidir alichuchumaa, akafuta matope kwenye mwimo kwa kitambaa. Shibiri moja juu ya msumari palikuwa na tundu jingine, limezibwa kwa tende, na sisimizi walikwisha kulifikia.