Jiko la Jumamosi

Zilpa alipuliza makaa. Ilikuwa Jumamosi, Sabato ya Wasamaria, na tangu azaliwe hakuwahi kuwasha jiko siku hiyo. Wala mama yake, wala bibi zake.

"Puliza, mama Yokabedi," mumewe Murjani alinong'ona. "Mkaguzi yuko kwa jirani."

"Napuliza. Dhambi yenyewe haitaki kushika."

Mwaka uliopita, liwali wa Nablus alipowabana Wasamaria, Murjani alisilimu mbele ya watu. Nyumbani alibaki alivyokuwa. Huenda na wengine walifanya hivyo, lakini nani angethubutu kumuuliza mwenzake? Sasa kila Jumamosi mkaguzi Harithi alipita katika nyumba za waliosilimu, akitazama majiko. Jiko baridi lilitosha kumfikisha mtu kwa mnyongaji.

Moto ulishika. Mlango ukagongwa.

Harithi aliwaacha askari nje, akaingia peke yake hadi mekoni. Aliutazama moto kwa muda mrefu, uso umemshuka kama mtu aliyefika sokoni akakuta watu wameshaondoka.

"Moshi wenu nimeuona tangu njiani," alisema.

"Dengu hizo, bwana mkubwa!" Murjani alichangamka. "Jumamosi bila dengu za moto mimi silali. Karibu ule nasi."

"Ahsante. Nimeshiba."

Yokabedi alipita na mtungi wa maji. Harithi akamfuata kwa macho.

"Binti yenu huyu? Keshaposwa?"

Zilpa alijisogeza katikati. "Bado mtoto, bwana."

"Mtoto gani anampita mama yake kimo?" Kisha akamgeukia Murjani, akashusha sauti. "Ndugu yangu, niambie kweli. Hamna kabisa siku mnayolipumzisha hili jiko?"

"Hamna, wallahi! Mambo ya Wasamaria tulishayatapika."

Harithi alitikisa kichwa polepole. "Basi Mungu awazidishie," akasema, akatoka.

Murjani alisubiri vishindo vya askari vipotee, ndipo akaketi chini akacheka hadi machozi. "Tumemweza! Kaja kuwinda, kaondoka mikono mitupu."

Zilpa hakucheka. Alikuwa akilia kimyakimya juu ya dengu ambazo hakuna aliyethubutu kuzila.

Harithi alifika kwake jua halijazama. Mkewe alimwekea mkate aliouoka jana na zeituni, akaketi kando yake.

"Vipi kwa Murjani?"

"Wanapika. Wanacheka na kupika."

"Na yule binti?"

"Mzuri. Mrefu, tena mchapakazi." Harithi alimega mkate baridi, akautia mdomoni bila hamu.

Mkewe alishusha pumzi. "Basi tumebaki peke yetu, baba. Mwanetu atamuoa Msamaria gani?"