Maji ya Kuoga ya Atuganile

Msimu mzima wa baridi, maji ya kuoga ya Atuganile yaliishia kwenye rejeta ya gari. Kila jioni mumewe, Lugano, aliyamwaga maji ya rejeta yasije yakaganda, na kila alfajiri alibeba sufuria ya maji ya moto ya mkewe kutoka jikoni akaipashe injini moto.

"Hilo gari ulilioa lini?" Atuganile alikuwa akimuuliza. "Nimjue mke mwenzangu!"

Leo uchungu wa uzazi ulimshika kabla hakujapambazuka. Maji ya moto yalikuwa sufuria moja tu, na mkaa umekwisha.

"Siendi hospitali nikinuka moshi," alifoka. "Leo naoga mimi!"

Lugano alimpelekea maji hayo bafuni kwenye ndoo, akaenda kulijaza gari maji baridi ya pipa.

Atuganile alikuwa ndiyo kwanza amejipaka sabuni mikononi aliposikia injini ikikoroma na kuzima. Ikakoroma tena, kwa unyonge zaidi. Uchungu ukambana, akaegemea ukuta.

"Huyu mwanaume na gari lake wataniua!"

Akajifunga kanga, akatoka na ndoo yake imejaa, mapovu yakimchuruzika viwikoni.

"Yamwage hayo ya pipa," alisema huku akihema. "Mke mwenzangu aoge kwanza."

Lugano akafungua boneti, akayamwaga ya pipa na kumimina ya ndoo, na mvuke ukapanda katikati yao.