Wimbo wa Kusimika Wafalme

Wimbo wa kale wa kuwasimika wafalme wa Buha ulitungwa juu ya bodaboda, kati ya mitaa ya Gungu na Mwanga, Jumanne moja saa tatu asubuhi.

Mtunzi alikuwa Gervasi, mwenyekiti, katibu na mwanachama pekee wa Jumuiya ya Kuhifadhi Utamaduni. Wanamuziki watano kutoka Ukraine walikuwa wakimngoja. Kazi yao ilikuwa kuzunguka dunia wakichanganya nyimbo za vijiji vyao na ngoma za watu wengine, naye Gervasi alikuwa amewaandikia kwamba anao wimbo usiojulikana na mtu mwingine yeyote aliye hai. Hilo lilikuwa kweli tupu. Hata yeye hakuujua.

Basi boda ilipokuwa ikiruka mashimo, alifumba macho akangoja. Sauti ikaja. “Iyee, hoya, iyee.” Ilikuja nzima, kama chakula kilichokwisha pakuliwa. Kumbe kipaji anacho! Miguu ikamsisimka kwa baridi, ingawa jua lilikuwa kali. Akajiambia kwamba hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

Solomia, kiongozi wa kundi, aliusikiliza mara moja tu, machozi yakamtoka.

“Maneno yake yako wapi?” akauliza kwa Kiingereza.

“Yalikatazwa,” akajibu Gervasi.

“Nani alikufundisha?”

“Babu, siku aliyofariki.”

Babu yake alikuwa kiziwi tangu ujana.

Kwa wiki nzima Solomia aliufanyia mazoezi kwa ala yake ya nyuzi hamsini na tano, wenzake wakaongeza zumari na ngoma za nchi saba. Kisha akapata wazo: wazee wa Kalinzi, kijijini kwao Gervasi, waalikwe kwenye onesho lao la Ujiji, wausikie urithi wao.

Gervasi akasema wazee wa Kalinzi wanaumwa.

“Wote?”

“Wote. Na barabara ni mbovu.”

Solomia akakodi basi.

Siku ya onesho, bibi kumi na wawili waliketi mstari wa mbele. Katikati yao alikuwapo Veneranda, mama mdogo aliyemlea Gervasi, amevaa kitenge kipya.

“Shikamoo, Mama,” Gervasi alimwamkia kwa sauti ya mtu anayeaga.

“Marahaba, mwanangu. Tumesikia umekuwa mtu mkubwa.”

Ngoma zikaanza. Gervasi alipanda jukwaani na vazi la kifalme aliloshonewa Mwanga kwa kitambaa cha mapazia. Aliimba macho yamefumbwa, akingoja kuzomewa.

Badala yake alisikia makofi. Akafumbua jicho moja.

Bibi wote kumi na wawili walikuwa wamesimama, wakiimba. Wala si “iyee, hoya” tu. Wao walikuwa na beti nzima nzima za Kiha, ingawa ngoma zilimeza maneno na Gervasi hakuyapata vizuri. Mmoja alikuwa akicheza hadi kilemba kikamdondoka.

Gervasi akafumbua na jicho la pili. Kumbe hakudanganya! Kumbe mizimu ya wafalme ilipanda naye boda ile! Miaka yote alijidhania tapeli mdogo, na kumbe ni chombo cha mababu. Aliinua kidevu. Akaimba tena, safari hii kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe.

Ngoma ziliponyamaza na vigelegele kupungua, alinyakua kipaza sauti, akashuka, akamwekea Veneranda mdomoni ili Ujiji yote isikie.

“Mama, waambie hawa wageni. Huu ulikuwa wimbo wa mfalme gani?”

“Mfalme?” Veneranda alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Mfalme gani, baba? Huu tunawaimbia watoto vikojozi, asubuhi, tukiwapeleka mtoni na mikeka yao kichwani. Wewe mwenyewe tulikuimbia mpaka darasa la sita.”

Solomia akafungua daftari, akamgeukia Gervasi, akingoja tafsiri.