Mwendo wa Nathalie

Gorret alilifyatua bunda la karatasi kwa kidole gumba, na msichana aliyechorwa kwa penseli kwenye kila karatasi akatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Akalirudia. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Huu mwendo naujua."

Mzee Byamungu aliweka brashi chini. Alikuwa amekuja mjini Mbarara kuchora wanyama kwenye kuta za chekechea ya kambi ya jeshi, kazi ya siku sita, na hii ilikuwa ya nne. Gorret alikuwa mwalimu wa chekechea hiyo, mke wa askari. Mzee alimwonyesha bunda kwa mazoea tu, kama alivyomwonyesha kila mtu kwa miaka kumi na minne.

"Unamujua, mama?"

"Mwendo ndiyo najua. Mtu huyu anapita pale geti, hata hii wiki nimemwona kwa dirisha. Sura ndiyo siipati. Twende tuulize bwana yangu Naboth, yeye ndiye anakaa geti."

Mzee wa watu alijishikiza ukutani, kiganja kikazama kwenye rangi mbichi ya twiga.

Kule kwao Uvira alikuwa amechora filamu za katuni kwa mkono miaka ishirini na miwili, katika studio ndogo ya misheni. Filamu za kipindupindu, za mihogo, za chanjo. Michoro kumi na miwili kwa kila sekunde, na sekunde hazina huruma. Wenzake walichora nyuso. Yeye alipewa miendo. Mlevi, bata, mama mjamzito aliyebeba ndoo. Kabla ya kumchora yeyote aliinuka, akatembea yeye mwenyewe mbele ya kioo kirefu mpaka mwili ukaelewa, ndipo akaketi na penseli. Vijana wa studio walivunjika mbavu kumwona akijitia ubata.

"Uso unadanganyaka," aliwaambia. "Mwendo hapana."

Oktoba 1996, wakikimbia vita, risasi ilimpata pajani. Alipoanguka aliuachia mkono wa Nathalie, mwanawe wa pekee, miaka sita, na umati ukamfunika. Baadaye mtu mmoja aliapa kwamba alimwona mtoto akipandishwa lori na watu wengine, mzima, analia. Neno hilo moja ndilo lililowafikisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yeye na mkewe Apolline. Picha ya mtoto hawakuwa nayo hata moja.

Na picha ingesaidia nini? Sura ya miaka sita si sura ya miaka ishirini. Lakini mwendo mtu huzaliwa nao na huzikwa nao. Hivyo ndivyo alivyoamini Byamungu, na katika kazi yake hakuna aliyewahi kumbishia. Basi alipopewa kiwanja huko, kijiji cha Kashojwa, miongoni mwa wakimbizi wenzake, akaanza kumchora Nathalie akitembea. Kioo kirefu hakikuwepo. Alitembea kando ya nyumba yake asubuhi, jua likiwa chini, akitazama kivuli chake kwenye ukuta wa udongo, halafu akaketi kuchora. Kila mwaka aliweka karatasi mpya juu ya zile za mwaka uliopita, akafuatisha mistari, akamwongeza kimo, akamrefusha gauni. Hivyo ndivyo alivyomlea.

Kila Jumanne alikwenda Kabazana, kituo wanakopokelewa wageni, akalifyatua bunda mbele ya kila aliyeshuka kwenye basi. "Hamujaona mutu anatembea hivi?" Wapo waliomcheka, wapo waliolia naye. Aliyemjua hakupatikana.

Apolline hakupenda kuitazama michoro ile. Mwaka 2009, malaria ikiwa imemlaza, aliliomba bunda, akalifyatua mara moja, akalirudisha.

"Mutoto yangu alikuwa mwepesi," alisema. "Alikuwa anaruka-ruka."

Byamungu alidhani ni homa. Alimshika mkono akamwahidi kwamba atamtafuta Nathalie mpaka ampate. Walimzika Alhamisi. Jumanne iliyofuata mzee alikuwa Kabazana.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Sasa, akimfuata Gorret katika uwanja wa kambi, Byamungu alilia waziwazi wala hakujifuta. Miaka ishirini na mitano anayo Nathalie sasa. Huenda ameolewa na askari. Huenda ana mtoto naye. Huenda hata hataki kumwona baba aliyemwacha njiani, na hilo pia alikuwa tayari kulipokea. Ataanza kwa kuomba msamaha kwa ule mkono. Mengine yatafuata.

"Polepole, mzee," alisema Gorret. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kungoja. Alimwacha nyuma akatangulia getini, karibu akimbie.

Byamungu alimwona kwa mbali akimkabidhi mumewe bunda. "Naboth, angalia huyu," sauti yake ilimfikia. "Nani anatembea hivi hapa kwetu?"

Naboth aliitundika bunduki begani, akalifyatua bunda mara moja. Hakuhitaji mara ya pili. Aliinua macho, akatabasamu kama mtu aliyemtambua mtu, na mzee akajikaza azimalize zile hatua za mwisho, akiuburuta mguu wa risasi, jina la mwanawe tayari ulimini.

"Mzee," alisema Naboth kwa upole, "sasa mbona umejichora na gauni?"